Mraba Usiokandikwa

Katika nyumba ya ukoo wetu kule Bahi, kwenye ukuta wa sebule unaotazamana na mlango, kuna mraba mdogo usiokandikwa. Mgeni akiingia, macho yake huenda hapo kwanza. Sokoni Bahi, na hata huku Kikuyu, Dodoma mjini, ninakoishi, watu wamesema mengi juu ya mraba huo na juu ya wifi yangu Elieth. Wamesema aliuza udongo wa watafiti. Wamesema alifukuzwa kazi kwa wizi, na kwamba nyumba yetu inafuga wadudu wa uchawi ukutani. Marehemu mume wangu, Anthony, hakuwa mtu wa kujibu maneno ya sokoni, nami nilijifunza kwake. Lakini Elieth alikuwa mdogo wake wa mwisho, nimemlea kwa mikono yangu, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu. Nitayaeleza yalivyokuwa.

Elieth alikuja kwetu Kikuyu alipoanza sekondari. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, na nyumba yangu ilikuwa na taratibu zake. Katika sanduku lake la bati, chini ya nguo, alikuwa ameweka bonge la udongo mkavu lenye umbo la kwato ya ng'ombe. Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu udongo hukaa nje. Hakubisha. Aliomba bakuli na maji kidogo, akaliweka lile bonge humo, akatuita mimi na kaka yake tuje kutazama baada ya chakula. Tulipokwenda, maji yalikuwa na uhai. Viluwiluwi wembamba kama nyuzi walikuwa wakijinyonganyonga mle ndani, na bonge lilikuwa limekaa sandukuni tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia.

Anthony alicheka hadi akakaa chini. "Huyu," aliniambia, "tutamwoza kwa matope."

Alipokuwa akichunga ndama kwenye mbuga ya Bahi, Elieth alikuwa amejiuliza swali ambalo wenzake hawakujiuliza. Mbuga ile hukauka hadi nyufa zake zinameza mguu wa ndama. Kisha mvua ya kwanza hunyesha asubuhi, na kufikia jioni madimbwi yanachezacheza. Wadudu wale walikuwa wamejificha wapi miezi yote ile? Swali hilo halikumtoka. Lilimpeleka chuoni akasomea kazi za maabara, na baadaye likampeleka kwa Daktari Batholomeo, mtafiti wa wadudu hapa Dodoma, aliyekuwa akijiuliza jambo hilohilo kwa namna yake.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna wadudu jamii ya usubi, wasiouma, ambao watoto wao huishi katika matope. Matope yakikauka taratibu, nao hukauka, hadi ukimshika mmoja unadhani ni kapi la mtama. Hajafa. Anaweza kukaa hivyo miaka, na maji yakimfikia huamka. Lakini mvua zetu siku hizi zimekuwa za kudanganya. Inanyesha mara moja mwezi wa Novemba, watu wanapanda, halafu jua linarudi hadi mbegu zinaungua. Mdudu anayeamka kwa mvua ya namna hiyo hufa. Daktari alitaka kujua kama wale waliokaushwa katika miaka ya mvua za uongo wamejifunza kusubiri zaidi kuliko wale wa miaka ya zamani. Kwa hiyo kila kiangazi Elieth alikwenda mbugani, akakata mabonge, akayaweka katika kasha la mbao la mwaka ule. Kazi ingefikia mwisho siku ambayo mabonge ya miaka yote yangeloweshwa kwa pamoja, yakatazamwa nani anaamka upesi na nani anasita.

Makasha yale yalihitaji mahali pakavu, penye giza na pasipo joto kali. Maabara ya mjini ina mabati na umeme wa kukatika. Chumba cha ndani cha tembe letu la Bahi, lenye kuta nene na paa la udongo, kilifaa kuliko hiyo. Daktari alikuja Kikuyu kuniomba, kwa kuwa baada ya Anthony mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile, nami nikampa neno langu. Nilimwambia kwamba kwetu kitu cha mtu hakiguswi. Alinishukuru, na tangu siku hiyo kila tulipokutana alinikumbusha maneno yale kwa heshima.

Miaka hiyo yote Elieth alifanya kazi kwa mkataba wa muda, unaokwisha na kuanza upya, huku wenzake waliosoma naye wakijenga na kuoa na kuolewa. Alikataa posa mbili nzuri kwa sababu waposaji wote wawili walitaka aache kuzunguka mbugani. Hatimaye Daktari alimwahidi kwamba mabonge yakishaloweshwa na majibu kupatikana, yeye ndiye atakayeajiriwa moja kwa moja kusimamia kituo cha utafiti kilichokuwa kinaanzishwa Bahi. Elieth hakuwa na kingine alichokitaka duniani. Kila kitu kilikuwa ndani ya yale makasha.

Ilikuwa Novemba, na Gladness, binti wa shemeji yangu Sostenes anayeishi katika nyumba ile, alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa wanatoka Busi, kule Kondoa, na walitegemewa Jumamosi. Daktari angekuja Jumatatu kuchukua makasha. Ijumaa asubuhi mimi na Elieth tuliteremka Bahi kusaidia maandalizi.

Nyumba ilikuwa inanukia udongo mbichi. Loisi, mke wa Sostenes, alikuwa amekandika sebule yote upya, kama inavyopasa kabla wakwe hawajaingia, na kazi yake ilikuwa safi. Kuta zilikuwa laini, na alikuwa amezipamba kwa vidole mistari ya mawimbi kama alivyofundishwa na mama yake. Alitupokea na mikono yenye matope hadi viwikoni.

"Shikamoo, dada. Msiguse, bado haujashika."

Nilimsifu, kwa kuwa alistahili. Elieth naye alimsifu, akapita kwenda uani kunawa miguu. Nilimsikia akisimama ghafla. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mbele ya hori la kunyweshea ndama, ambalo Loisi alikuwa amelitumia kulowekea udongo. Alikuwa amechota tope kidogo kwenye kiganja. Katika kiganja kile kulikuwa na vitu vinavyojinyonganyonga, vyembamba kama nyuzi.

"Wifi Loisi," aliuliza bila kugeuka, "udongo huu umeutoa wapi?"

"Stoo. Palepale tunapouweka siku zote. Safari hii ulikuwa umekauka vizuri ajabu, unalainika kama unga wa uwele."

Hapo inafaa nieleze, kwa sababu wa mjini wanaweza kudhani Loisi ni mjinga, na sivyo. Kila nyumba ya pande zile huenda mbugani kiangazi, hukata mabonge ya udongo mzuri na kuyapanga stoo yakauke, yakisubiri siku ya kukandika. Bonge la mbugani lililopangwa kwenye kona ya stoo halina kazi nyingine duniani. Makasha ya Elieth yalikuwa chumba cha ndani, na Loisi hakuwahi kuyagusa. Ila Alhamisi Sostenes alihitaji kitu cha kubebea kuku wa wageni kutoka sokoni. Aliyaona yale makasha ya mbao, imara na yenye matundu ya hewa. Aliyamwaga, akayapanga mabonge vizuri kwenye kona ya stoo ili asiyavunje, akaenda na makasha. Alikusudia kuyarudisha. Alama za miaka zilikuwa kwenye makasha, na kwenye mabonge hapakuwa na alama yoyote.

Loisi alipoelewa alikaa chini palepale kwenye tope. Elieth hakumlaumu. Aliingia stoo, akatoka, akaniambia kwamba yamebaki matano, na hakuna anayeweza kujua ni ya mwaka gani.

Sostenes alirudi mchana na bodaboda, gunia la mchele likiwa nyuma. Tulimweleza. Alivua kofia, akaitazama muda mrefu kama vile jibu limeandikwa ndani yake, kisha akasema kwamba jambo hili lina dawa. Mbuga bado ilikuwa kavu, mvua haijanyesha. Angekwenda na shoka, akate mabonge ya ukubwa uleule, ayapange katika makasha yaleyale, na Jumatatu Daktari aondoke kwa amani.

"Udongo ni wa mbuga ileile," alisema. "Daktari ana macho mawili kama mimi."

"Macho yake hayataona," Elieth alijibu. "Hiyo ndiyo shida, kaka. Hataona kabisa. Atayalowesha, wataamka, na ataandika kwamba wa mwaka fulani wameamka upesi na wa mwaka fulani wamesita, na watu watasoma waamini."

"Watu wazima waamini habari za funza? Basi waamini."

"Nami nitakuwa nimesimama hapo namshikia kalamu."

Sostenes alinigeukia. Alisema kwa upole kwamba hamtetei mwizi, anamtetea mdogo wake, na kwamba miaka yote hii ya kuchimba matope isiende bure kwa ajili ya kuku. Alisema pia kwamba wakwe wanakuja kesho, na nyumba inayogombana juu ya udongo mbele ya wakwe itasimuliwa hadi Kondoa yote. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Neno la kutunza makasha lilikuwa langu, na heshima ya nyumba ilikuwa mikononi mwangu pia, na siku ile vyote viwili havikuweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Niliamua hivi: hakuna bonge bandia litakaloingia kwenye makasha, na Daktari ataambiwa kila kitu Jumatatu, wakwe wakishaondoka. Mbele ya wakwe hakuna atakayefungua kinywa. Elieth alikubali. Sostenes alinung'unika, akaenda kuchinja mbuzi. Lakini jioni nilipoingia chumba cha ndani nilikuta makasha yamerudi mahali pake, yamejaa, na kwenye viatu vya Sostenes kulikuwa na vumbi jeupe la mbugani. Sikutaka ugomvi usiku wa kuamkia ugeni. Elieth aliyaona pia. Alifunga mlango wa chumba kile na kuweka ufunguo katika upindo wa kitenge chake.

Jumamosi kulikucha na mawingu. Wakwe walifika mapema, wakiongozwa na Mzee Gerson, mjomba wa kijana, mtu mfupi mwenye macho ya kukagua. Aliisifu sebule. Alipitisha mkono karibu na mistari ya Loisi bila kuigusa, akasema mwanamke aliyefanya kazi hii angemwazima kwa msimu mmoja. Loisi, ambaye siku nyingine angemjibu mara tatu, aliinamisha kichwa. Elieth alikuwa akipitisha maji ya kunawa, na niliona hatazami ukuta hata mara moja.

Tulikuwa tumeanza kula gari liliposimama nje. Alikuwa Daktari Batholomeo. Aliona mawingu Dodoma, akahofia mvua ikamate makasha njiani Jumatatu, akaamua kuja siku ileile. Mtu akifika watu wanakula, kwetu hukaribishwa, hata kama moyo wako unamtaka awe popote pengine duniani. Sostenes akamvutia kiti. Kikawa chini ya ukuta uleule.

Alikula vizuri. Mzee Gerson akamwuliza kazi yake, naye akaeleza habari za wadudu, jinsi wanavyokauka na kusubiri, na wageni wakastaajabu na kucheka. Mmoja akasema hata yeye ana shemeji wa namna hiyo, analala kiangazi chote na anaamka akisikia sufuria. Nilianza kupumua. Kisha Daktari akaweka kijiko chini.

"Niwaambie jambo, wazee wangu," alisema. "Mmekuja kuoa mahali pazuri. Nimefanya kazi na watu wengi. Vitu vinapotea, vinavunjika, na mtu anakutazama usoni anakuambia havikuwepo. Humu nimeweka kazi ya miaka, bila mlinzi, kwa neno la mama huyu tu. Mkitaka kujua tabia ya binti yenu mtarajiwa, tazameni nyumba iliyomlea."

Mzee Gerson alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hayo ndiyo waliyokuja kuyasikia, na kwamba yamesemwa na mtu wa nje ambaye hana faida nayo, na kwa hiyo yana uzito. Sostenes alitazama sahani yake. Mimi nilimtazama Elieth. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, na nilimfanyia ishara kwa macho, ndogo, ambayo ameijua tangu utoto: bado. Aliiona. Aliweka birika sakafuni.

"Daktari," alisema, "mabonge hayapo. Umeyaegemea."

Hakuna aliyeelewa, naye Daktari alitabasamu kwanza kama mtu anayengoja mzaha umalizike. Elieth akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema makasha yalimwagwa kwa bahati mbaya na udongo umetumika kukandika. Hakumtaja Sostenes wala Loisi. Alisema mabonge yaliyoko ndani sasa ni ya jana, yamekatwa yafanane, na kwamba ufunguo anao yeye na alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Akatoa ufunguo kwenye upindo wa kitenge, akaushika mbele yake.

Nilisikia kuku mmoja aliyesalia akiparua uani. Loisi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kanga mdomoni. Daktari aliinuka, akaugeukia ukuta, akaukaribia hadi pua yake ikakaribia kugusa mistari ile. Aliugusa kwa kidole. Ulikuwa umeshika nje, lakini ndani bado ulikuwa na ubaridi. Akaomba kisu na bakuli la maji.

Alikata mraba, si mkubwa kuliko kiganja, akaubandua taratibu na kuutia katika bakuli, na bakuli akaliweka mezani kati ya pilau na nyama. Akakaa. Hakuna aliyethubutu kuendelea kula wala kuondoka. Wakwe wa Busi, wazee wa heshima, walikaa wakitazama bakuli la matope. Elieth hakukaa. Udongo ulilainika, ukashuka chini, maji yakachafuka, kisha yakaanza kutulia. Gladness, ambaye hakutakiwa kuwepo pale, alikuwa ameingia na kusimama kando ya shangazi yake akimshika mkono.

Wa kwanza kumwona alikuwa Mzee Gerson. Alinyoosha kidole. Kiluwiluwi mmoja alikuwa akijinyonganyonga kwenye ukingo wa bakuli. Kisha wa pili. Kisha wakawa wengi.

Nilimtazama Daktari nikidhani atafurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama picha za wafu wake.

"Wako hai," alisema. "Ila sijui ni wa mwaka upi. Hawa hawawezi kuniambia kitu."

Akamgeukia Elieth. Akasema kwamba Elieth angenyamaza, yeye angechukua yale makasha, angeyalowesha, na angetangaza jambo ambalo si kweli mbele ya watu wanaomwamini, kisha wengine wangejenga juu yake. Alisema hivyo bila kushukuru, kama mtu anayepima kina cha shimo ambamo hakutumbukia. Halafu akasema ajira ya kituo haiwezi kuwepo bila majibu, na majibu hayapo, na hilo si adhabu, ndivyo lilivyo. Elieth alijibu kwamba anajua. Alilijua tangu Ijumaa, mbele ya hori.

Mzee Gerson alikohoa. Alisema wao walikuja kwa ajili ya binti, si wadudu, lakini sasa ana swali moja, na angependa lijibiwe na wanawake wa nyumba. Huyu Gladness naye ana kinywa cha namna hii? Cha kusema jambo mezani wakati kila mtu anaomba linyamazwe?

Loisi alitoa kanga mdomoni. "Huyo, baba? Huyo atawaambia hata mliyokwisha kuyasahau."

Kijana mmoja wa upande wao alicheka, akanyamazishwa kwa jicho. Waliondoka bila kumaliza mazungumzo. Mzee Gerson alisema watakwenda kutafakari, na tuliwasindikiza hadi barabarani kwa heshima zote huku kila mmoja wetu akijua neno kutafakari huwa na maana gani. Mvua ilinyesha jioni ile, ya kudanganya, ikakatika kwa majuma mengi. Kipindi hicho chote Bahi ilisema iliyosema. Sostenes hakumsemesha Elieth, wala mimi sikumsemesha Sostenes. Elieth alirudi mjini kuosha vyombo vya maabara, kwa mkataba uleule wa muda, ambao Daktari aliuendeleza bila maelezo.

Mvua za kweli zilipoanza, Mzee Gerson alirudi. Alikuja bila kutangaza, akakaa kwenye kiti kilekile chini ya mraba, akasema kwao kuna mabinti wengi wenye kuta nzuri, ila wenye kinywa kile ni wachache. Gladness aliolewa mavuno yalipokwisha.

Kiangazi kilichofuata Elieth alikwenda mbugani na shoka, akakata mabonge ya kwanza upya. Miaka iliyopotea haitarudi, na yeye si kijana tena. Siku hizi alama huzichora kwenye bonge lenyewe, na kasha linaweza kwenda sokoni likitaka. Kituo bado hakijapata msimamizi wa kudumu. Daktari hajamwahidi kitu chochote, na Elieth hajamwuliza.

Sostenes alitaka kuziba mraba ule kabla ya harusi. Nilimkataza. Wageni wakiuliza, nataka waulizie humo ndani, na wajibiwe na sisi wenyewe, kabla hawajafika sokoni. Loisi hukandika sebule kila mwaka, hupitisha mistari yake kuuzunguka mraba kama vile ni dirisha, na udongo wake siku hizi hauchukui kokote kabla hajamwita Elieth, kwa simu kama yuko mjini, kwa sauti kama yuko uani.

"Wifi," humwuliza, bonge likiwa mkononi, "hili lina watu?"